Kusamehewa Bila Kusalimiwa

Vijana wa ofisi ya probesheni, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie yale ambayo sikuyamaliza katika hotuba yangu. Ombi hilo nalishuku kidogo, maana hotuba ilikuwa ndefu, wawili kati yenu walisinzia, na nadhani mlitafuta njia ya adabu ya kunifanya niketi. Hata hivyo nimeketi, na karatasi ninayo. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilichelewa mpaka vyenyewe vikaona haya kufika. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu. Niliyoambiwa nitayaacha kwa walioniambia.

Nilishuka treni Tabora nikiwa na tai shingoni, sanduku la vitabu, na yakini kamili kwamba nilijua kwa nini watu huiba. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya vyanzo vya uhalifu: umaskini, malezi, ulevi, marafiki wabaya na tamaa. Malengo ya adhabu nilijua manne: kumlipiza mkosaji, kumtia hofu yeye na wenzake, kuwakinga wengine dhidi yake, na kumrekebisha. Niliyajua kwa mpangilio huo, na kwa mpangilio huo nilimsomea mteja wangu wa kwanza, mama mmoja wa Isevya aliyekamatwa akipika gongo. Yeye aliketi kwenye kigoda, mimi nikasimama. Nilipofika kwenye kurekebisha, kivuli cha nyumba kilikuwa kimehamia upande wa pili.

"Umemaliza, mwanangu?" aliniuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Basi nenda kamwulize hakimu. Mimi alinisomea adhabu moja tu. Hii ya pili hakunitajia."

Aliyenifundisha kazi ni mkuu wa ofisi yetu wakati ule. Nitamwita Bwana Kasimu, kwa kuwa jina lake la kweli ni la familia yake. Alikuwa Mnyamwezi wa mjini, Mwislamu mtulivu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno machache. Alinipa baiskeli nzito ya serikali na kanuni mbili. Ya kwanza: usiandike ulichosikia, kwa sababu watu humchongea jirani kwa ufasaha mkubwa kuliko wanavyomsifu. Nenda nyumbani kwa mtu, ukae, utazame kuni zake, utazame jiko lake, utazame nani anapita mlangoni na anapitaje. Ya pili ilihusu chombo cha usafiri. "Anayefika kwa gari," alisema, "huletewa kiti na uongo. Anayefika kwa baiskeli huletewa maji." Baadaye tulipewa pikipiki. Mimi niliendelea na baiskeli, nikadai kwamba nafuata falsafa ya Bwana Kasimu. Ukweli ni kwamba pikipiki ilinitupa kwenye mtaro mbele ya mahakama, hakimu akiwa dirishani.

Lakini Bwana Kasimu alikuwa na tabia moja iliyonikera. Mimi ni Mgogo. Kila asubuhi nilipoingia ofisini aliniamkua hivi: "Mgogo, leo maji unauza kiasi gani?"

Ninyi mliokulia mjini nitawaeleza. Zamani misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilitoka hapa kwenda pwani, ikabeba pembe za ndovu kichwani, na ilipofika kwetu Ugogo, mahali pakavu, babu zetu waliketi kandokando ya visima wakidai ushuru kabla mtu hajanywa. Kutokana na njia ile, Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Hutukanana bila kosa (sisi Wagogo huitwa ombaomba), hunyang'anyana vitu bila kesi, na penye msiba mmoja humtumikia mwenzake. Hayo yote niliyajua tangu utotoni, ila niliyaona hayafai katika ofisi ya umma. Nikaandika barua rasmi ya malalamiko. Kwa kuwa mkuu wa ofisi alikuwa yeye mwenyewe, barua ilimfikia yeye, naye akaijibu pembeni kwa wino mwekundu: "Malalamiko yamepokelewa. Mgogo asiandike, aombe kwa mdomo kama alivyozaliwa." Ofisi nzima ilicheka kwa wiki nzima. Mimi niliendelea kumjibu kwa kifungu cha kanuni za utumishi, na habari zikaenea hadi vijijini kwamba serikali imemleta Mgogo asiyejua kucheka.

Niongeze jambo moja ili mjue mnamsoma nani. Mchana nilikuwa ofisa wa rehema: kazi yangu ilikuwa kumshauri hakimu ni nani asiende gerezani, atumikie adhabu akiwa nyumbani kwake chini ya uangalizi wangu. Jioni nilikuwa mzee wa kanisa letu la Chemchem, na huko nilikuwa radi. Niliwahi kumwombea mvunja maduka apewe nafasi ya pili, na jioni ya siku hiyohiyo nikapiga kura mwanakwaya mmoja akae benchi la nyuma miezi kadhaa kwa kucheza muziki wa dunia katika harusi ya dada yake. Mke wangu, Mama Neema, aliniuliza wakati wa chakula kama mwanakwaya yule angefanya vizuri zaidi kuvunja duka. Niliomba chumvi.

Sasa niwaeleze kesi iliyonipa taabu kuliko zote. Ilitokea nikiwa nimekaribia kustaafu, yaani katika umri ambao mtu hudhani amekwisha kujua.

Ng'ambo ya Kigwa, katika kijiji ambacho sitakitaja, aliishi kijana wa miaka kama thelathini, nitamwita Mihayo, pamoja na mama yake mjane, Mama Nyamizi. Mihayo alifundishwa kazi ya nyuki na Mzee Maganga, mzee wa kanisa la pale kijijini, ambaye alimlea kama mwanawe tangu baba yake alipofariki. Ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kutengeneza mzinga wa gome, kuutundika mtini na kurina kwa moshi mdogo ili nyuki wabaki. Mwaka ule Mihayo aliingia msituni peke yake na kurina mizinga ya Mzee Maganga. Kwa kuwa mwizi ana haraka, hakutumia moshi mdogo, alitumia moto. Nyuki waliungua, mizinga ikaungua. Jumapili alikuja kanisani kuimba kwaya, uso umevimba hata macho hayaonekani. Mashahidi hawakuhitajika.

Hakimu alinitaka nichunguze. Nilimkuta Mihayo nyumbani kwao, nikakaa, nikatazama kuni, nikamwuliza chanzo cha kosa, nikingoja umaskini au marafiki wabaya.

"Mzee," aliniambia kwa unyonge, "ilikuwa asali."

"Najua ilikuwa asali. Nauliza kwa nini."

"Wewe umewahi kuila ikiwa bado kwenye sega, ina joto la mzinga?"

Katika sehemu ya chanzo cha kosa niliandika "ushawishi wa mazingira". Miaka yote ya elimu yangu imo katika maneno hayo.

Nilipendekeza uangalizi badala ya kifungo, na hakimu akakubali, kwa sharti moja kubwa: Mihayo aishi kwao, kwa mama yake, asitoke kijijini bila kibali. Akitoka, anakwenda gerezani kutumikia adhabu yake. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikipiga mluzi.

Sikuwa nimewauliza sungusungu. Walinzi hao wa jadi walikuwa na mahakama yao, na mahakama ile ilikuwa imekaa kabla ya yetu. Kijiji kizima kilikula kiapo kwamba Mihayo, pamoja na yeyote atakayemweka nyumbani, asisalimiwe. Asiazimwe moto, asiingizwe katika kundi la kulimiana, na akifika kisimani watu waondoke mpaka amalize. Kwa hiyo sheria yangu ilimfunga akae mahali ambapo sheria yao ilimfukuza. Nilikaa uani kwao asubuhi moja nikatazama mlangoni kama nilivyofundishwa. Watu walipita. Mihayo alisimama kila mara akasema "Shikamoo", na kila mara ile shikamoo ilianguka chini kama ganda la karanga. Mama Nyamizi, aliyesifika zamani kwa mdomo wake mkali, alikuwa ndani akinong'ona na vyungu.

Nikaomba mkutano wa kijiji. Nilivaa suti. Niliwafafanulia malengo manne ya adhabu, na safari hii nilikuwa na mifano. Kamanda wa sungusungu, Mzee Nkwabi, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya, alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasimama.

"Afisa, malengo yako manne ni mazuri sana. Sisi wakulima tunalo moja tu: akome."

"Na akishakoma?"

"Tutajuaje, na hatusemi naye?"

Watu walicheka, tena kwa heshima. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Nilimwendea Mwinjilisti Elia, aliyelichunga kanisa lile dogo la kijijini, nikamwomba awahubirie msamaha. Kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko mimi. Nilikuwepo. Alinena juu ya sala tunayosali kila siku, ambamo tunajipimia msamaha kwa kibaba kilekile tunachowapimia wengine. Wanawake walilia, na Mzee Maganga mwenyewe alifuta macho. Kisha tukatoka nje. Mihayo alisimama penye mlango, na waumini wote, mmoja baada ya mwingine, wakapita karibu naye wakitazama mawingu.

"Mwinjilisti," nilisema, "hii ni nini?"

Alibana Biblia yake kwapani. "Wamemsamehe, mzee. Ila hawamsalimii."

Nilikwenda kwa Mzee Maganga nikiwa na hasira ya Kikristo, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Alikuwa anachonga mfuniko wa mzinga mpya, hakuuweka chini.

"Unadhani nalilia asali," alisema. "Yule ni mwanangu. Angeniomba ningempa mzinga mzima. Hilo ndilo linaloniuma: alininyima nafasi ya kumpa."

Niliomba maji nikaondoka.

Miezi ilipita, mvua ikanyesha, Mihayo na mama yake wakalima peke yao robo ya shamba. Siku moja nilimkuta Mihayo amefunga begi.

"Nakwenda Dar," alisema. "Nikiondoka, mama watamsalimia. Kiapo kinamhesabu kwa sababu yangu."

"Ukiondoka bila kibali hakimu atatoa hati. Utarudishwa kwa pingu. Utafungwa."

"Gerezani watanisalimia, mzee."

Nilimwomba anipe siku chache. Sikuwa na mpango wowote. Mtumishi wa umma akiishiwa mpango huomba siku chache.

Kabla hazijaisha, Mwinjilisti Elia alinipigia simu. Mama mzazi wa Mzee Maganga, bikizee aliyekuwa mkongwe kuliko miti ya pale, amelala usingizi wa mwisho. Maziko ni kesho. "Na wanauliza," aliongeza kwa kusitasita, "kama Mgogo atakuja. Hapa karibu hatuna mtani mwingine."

Niliketi na simu mkononi. Katika msiba wa mtu aliyeshiba miaka, mtani ana haki ambayo hakimu hana: huweza kuizuia maiti njiani mpaka apewe anachodai, na wafiwa hawawezi kumkatalia. Kwa kawaida hudai kuku au mbuzi. Hakuna kiapo kinachomfunga, kwa kuwa yeye si wa kijiji.

Jioni ile niliandika utani wangu kwenye karatasi, nikausoma mbele ya Mama Neema nikiwa nimesimama wima. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba Neema," alisema, "huo si utani. Hiyo ni notisi ya kuhama nyumba."

Kesho yake nilifika na suti yangu na baiskeli. Jeneza lilitoka nyumbani likiwa mabegani mwa wanaume, Mzee Maganga akiwa mbele upande wa kulia. Mihayo na mama yake walisimama mbali, kando ya ua wa minyaa, wakiwa wametengewa nafasi pana kama wagonjwa. Nilikwenda katikati ya njia, nikavua koti, nikalitandika, nikaketi juu yake. Msafara ukasimama. Nikatoa karatasi.

"Ndugu wafiwa," nilianza, "kwa mujibu wa mila na desturi za makabila yetu mawili..."

"Mgogo anasoma sheria!" alipiga kelele Mzee Nkwabi.

"Mpeni mlenda, koo lilainike!" akaongeza bibi mmoja nyuma.

"Kwao amekosa wa kumnyima maji, amekuja kutunyima njia!"

Kicheko kilipita katika msafara ule mpaka kwa wabebaji, jeneza likatikisika. Karatasi ilinidondoka, nikajaribu kuiokota nikiwa nimekaa, suruali ikapasuka mshono. Walicheka tena. Ndugu zangu, niliingiwa na hasira ya miaka yote niliyotaniwa na Bwana Kasimu bila kumjibu, na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Chekeni, wala michembe, viazi vilivyokaushwa juani! Hapa hapapitiki! Babu zenu walibeba pembe za ndovu kichwani mpaka pwani, wakalala na njaa, wakapigwa na jua. Leo wajukuu wao mmeshindwa kubeba salamu moja kutoka mlangoni hadi kisimani! Wapagazi gani ninyi? Bibi huyu anaona haya kuzikwa nanyi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilishtuka kuliko wao.

"Unataka nini, Mgogo?" Mzee Nkwabi aliuliza. "Mbuzi?"

"Mbuzi wenu wamekonda kama ninyi. Nataka ushuru wa njia. Mihayo, njoo hapa. Mwamkie baba yako."

Alikuja akitazama miguu yake. Alisimama mbele ya Mzee Maganga, ambaye bega lake lilikuwa chini ya jeneza la mama yake.

"Shikamoo, baba."

Hakuna aliyecheka. Mwinjilisti Elia alifunga macho. Mzee Nkwabi alinisogelea akainama.

"Afisa, hilo silo la utani."

"Kama silo, tueni jeneza tulijadili hapa juani. Mimi nina siku nzima. Nakaribia kustaafu."

Mabega yalianza kutetemeka kwa uzito. Mzee Maganga aliutazama ubao uliokuwa karibu na shavu lake, akamtazama kijana kwa muda mrefu, kama mtu anayeutazama mzinga bila kujua kama mna nyuki.

"Marahaba," alisema. "Shika hapa nyuma yangu. Huyu Mgogo atatuua na jua."

Mihayo aliingiza bega. Niliondoka njiani nikishikilia suruali kwa mkono mmoja na koti kwa mwingine, nao wakapita. Vijana wa sungusungu walimkodolea macho kamanda wao, wakingoja tamko. Mzee Nkwabi alivuta kofia yake chini.

"Tuliapa mtu asimsalimie," alisema. "Hatukuapa mtu asilipe ushuru."

Katika mahakama zote nilizopata kuketi sijasikia hukumu iliyopambanuliwa vizuri kuliko hiyo, na aliyeitoa alikuwa mshitaki.

Msije mkaandika katika taarifa zenu kwamba utani hurekebisha wahalifu. Niliona tukio moja, nami nilikuwa nimekaa chini. Baada ya maziko, tulipokuwa tunanawa, Mzee Maganga alinong'ona nami juu ya beseni: "Kinywa changu umekipata, mtani. Moyo utaungoja." Nilimwambia nitaungoja. Kilichotokea pale kilikuwa lengo la ngapi la adhabu sikujua, na mpaka leo sijui. Kumlipiza hakikuwa, kwa kuwa aliyeaibika zaidi nilikuwa mimi, na nyuma ya suruali yangu palikuwa na ushahidi. Mihayo hakupanda treni. Alimaliza muda wake wa uangalizi palepale, na iwapo Mzee Maganga alimsamehe kwa moyo wote ni jambo ambalo sikulishuhudia.

Nililolishuhudia ni hili. Alasiri ile, watu wakingoja chakula cha msiba, nilikaa nyuma ya jiko la uani, mahali ambapo mwanamume mwenye suruali iliyopasuka angeweza kuegemea ukuta kwa heshima. Mama Nyamizi alikuwa bado amesimama peke yake. Mwanamke mmoja alimnyooshea mwiko bila kumtazama. Mama Nyamizi akaupokea. Alianza kusonga ugali ule wa sufuria kubwa, polepole, kama mtu aliyesahau uzito wake. Kisha yule aliyempa mwiko akachungulia sufuriani.

"We Nyamizi! Ugali gani huu, una mabuje kama mawe ya reli!"

Mama Nyamizi aliinua kichwa. Akapangusa jasho kwa mgongo wa mkono, akaushika mwiko kama rungu.

"Asiyeutaka akapike kwake! Na wewe chochea moto, umesimama hapo kama Mgogo!"